Jinsi ya kupima uzito wa tela unaoegemea ndoano ya gari

Msafirishaji anayefunga tela nyuma ya pikapu mtaani Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kwa kawaida huuliza swali moja: mzigo una kilo ngapi? Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni hili: katika kilo hizo, ni ngapi zinazoegemea ndoano ya gari? Hapo ndipo tela hutulia au huyumba, hasa kwenye mteremko wa barabara ya RN1 kutoka Bugarama kushuka Bujumbura.

Kiwango kinachofaa

Kwa tela ndogo, kipimo kinachotumika sana Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Tela ya kilo 1,000 iegemeze kilo 100 hadi 150.

Uzito ukipungua, tela huyumba kama mkia na inaweza kulipindua gari. Ukizidi, nyuma ya gari hubonyea, magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri, na usukani na breki hupungua nguvu.

Angalia pia kikomo cha ndoano na cha gari lenyewe. Kikiwa kilo 75 tu, usikipite. Punguza mzigo wote.

Kupima kwa mizani ya mtu

Mizani nyingi za kupimia watu huishia kilo 120 au 150, kwa hiyo tumia ubao mgumu kugawa uzito:

1. Egesha tela ikiwa na mzigo wake mahali tambarare. Weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha inua mkono wake kwa jeki.
2. Panga matofali upande mmoja na mizani upande wa pili, vimo vilingane. Laza kipande cha bomba juu ya kila kimoja, kisha ubao juu ya mabomba.
3. Mkono wa tela ukae sentimita 30 kutoka bomba la matofali na sentimita 60 kutoka bomba la mizani, kwa kimo kilekile cha ndoano.
4. Soma mizani ikiwa na ubao na bomba tu, uandike.
5. Shusha jeki polepole. Soma tena, toa namba ya kwanza, kisha zidisha kwa 3.

Ukipata kilo 40, uzito kwenye ndoano ni kilo 120. Asiweke mtu mguu chini ya mkono wa tela.

Kupima kwa mizani ya magari

Pima tela nzima ikiwa imefunguliwa. Kisha ifunge kwenye gari, upime magurudumu ya tela peke yake. Tofauti ndiyo jibu: 1,000 kutoa 880 ni kilo 120.

Kurekebisha

Tuseme tela hiyohiyo imeonyesha kilo 45, na toka ekseli hadi ndoano ni mita 3. Gunia la kilo 50 likisogezwa mbele mita 1 huongeza takriban kilo 17 kwenye ndoano. Magunia manne yatakufikisha karibu kilo 112, bila kushusha hata kilo moja ya bidhaa.

Pima upya kila unapobadili mzigo. Ukishusha nusu njiani, anza na magunia ya nyuma.