Green Lake: Njia Iliyojengwa Juu ya Sakafu ya Ziwa

Njia ya lami inayozunguka Green Lake, kaskazini mwa jiji la Seattle nchini Marekani, ina urefu wa takriban kilomita 4.5, na sehemu kubwa ya ufuo inakopita ilikuwa chini ya maji hadi mwaka 1911.

Bonde la ziwa hilo lilichimbwa na barafu kuu ya enzi za kale. Wenyeji wa kabila la Duwamish walivua samaki humo tangu zamani. Mwaka 1855 mpimaji ardhi David Phillips aliliandika katika daftari lake kwa jina la Lake Green, yaani ziwa la kijani, kwa sababu mwani ulikuwa umetanda juu ya maji. Rangi hiyo basi ilikuwapo kabla ya walowezi kufyeka msitu. Mlowezi wa kwanza, Mjerumani Erhart Seifried, alihamia kando yake mwaka 1869. Baada yake vikaja viwanda vya mbao na reli ya tramu, na mwaka 1891 eneo zima likaingizwa katika mipaka ya Seattle.

Miaka hiyo ya 1890 baiskeli ilikuwa imeiteka Marekani, na barabara za Seattle zilikuwa tope na visiki. George Cotterill, mhandisi msaidizi wa mji ambaye baadaye alikuja kuwa meya, alitembea kwa miguu akisaka miteremko ambayo mwendesha baiskeli angeimudu, akapima njia za jumla ya kilomita 40 hivi. Njia ya kuelekea Ziwa Washington ilifunguliwa mwaka 1897. John Charles Olmsted alipoitwa kupanga bustani za mji mwaka 1903, alizikuta njia hizo, akapendekeza baadhi zigeuzwe barabara pana za matembezi. Mengi yanayopendeza katika Seattle ya leo yalianza kwa magurudumu hayo mawili.

Katika mpango huo wa bustani, tatizo la Green Lake lilikuwa ardhi. Nyumba na reli vilikuwa vimesogea karibu mno na maji, hata pakakosekana nafasi ya bustani. Olmsted alishauri maji yashushwe. Mwaka 1911 yakashushwa futi 7, yaani zaidi ya mita 2, na karibu ekari 100 zikajitokeza. Palipokuwa na kinamasi pakajazwa udongo, kazi iliyoendelea kwa miaka mingi, hadi ukapatikana ufuo mpana wa umma pande zote. Uamuzi huo ndio uliowapa wakazi wote ukingo ambao vinginevyo ungebaki ua wa nyuma wa wachache.

Lakini ziwa lililipa gharama ya uamuzi huo. Maji yake yalikuwa yakitoka kupitia kijito cha Ravenna hadi Ziwa Washington. Yaliposhuka, kijito kilikatika, na vijito vilivyoliingia navyo vikaelekezwa kwenye mabomba ya mji. Ziwa likabaki na mvua na maji machafu ya mitaani. Maji yasiyotembea hukusanya fosforasi, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tope la sakafuni lilichotwa, kisha maji safi ya bomba yakaanza kuingizwa ili kuyazimua yaliyokuwamo.

Dawa iliyofuata ni shabu, ileile inayotiwa kwenye ndoo ya maji ya tope ili yatulie. Ikimwagwa ziwani hushikamana na fosforasi, huzama nayo, na kutandika sakafuni tabaka jepesi linaloizuia kurudi juu. Green Lake ilitiwa shabu mwaka 1991, ikarudiwa 2004 na tena 2016, kwa kuwa tabaka hilo huchakaa na uchafu mpya haukomi kuingia. Mwani wenye sumu ukizidi, ziwa hufungwa kwa waogeleaji. Wanaotembea kandokando huendelea na mzunguko wao.

Mwaka 2006 sehemu ya kijito cha Ravenna iliyokuwa imefukiwa ilifunuliwa tena, ikaanza kutiririka juu ya ardhi. Maji yake sasa hutoka kwenye chemchemi za bonde la Ravenna. Hayatoki tena Green Lake.