Leonidas Dyer na Miswada Yake Miwili

Leonidas Dyer, wakili wa St. Louis katika jimbo la Missouri, alizaliwa mwaka 1871, na mwaka 1911 aliingia katika Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa chama cha Republican. Miongoni mwa watu wa wilaya yake walikuwamo weusi wengi. Mwezi wa Julai 1917, ng'ambo ya mto Mississippi, katika mji wa East St. Louis, makundi ya wazungu yaliwaua watu weusi na kuzitia moto nyumba zao. Maelfu walivuka mto kukimbilia St. Louis.

Mwaka 1918 Dyer alileta mswada ili kumwua mtu kwa kundi, pasipo hukumu, kuwe kosa mbele ya serikali kuu. Wapinzani walishikilia kwamba mauaji ni shauri la kila jimbo. Hoja hiyo yafaa kupimwa, kwa maana mwaka 1919 Bunge lilipitisha mswada wake mwingine: aliyevusha motokaa ya wizi kutoka jimbo hata jimbo, serikali kuu imshtaki. Mwanasheria atajibu kwamba gari limevuka mpaka, maiti haikuvuka. Na iwe hivyo. Lakini motokaa ilipata ulinzi ambao mwanadamu alinyimwa.

Tarehe 26 Januari 1922 Baraza liliupitisha mswada wa kwanza kwa kura 230 dhidi ya 119. Katika Seneti wajumbe wa majimbo ya Kusini walizuia kazi isiendelee, na mwezi wa Desemba ukaachwa. Dyer alitoka Bungeni mwaka 1933, akafa mwaka 1957. Sheria ya namna hiyo ilitiwa sahihi mwaka 2022.