Reli ya abiria: je, fedha za umma zinazowekwa zina faida?

Karibu kila serikali ya Afrika Mashariki imewahi kuiacha reli ya abiria, na baadaye ikairudia kwa gharama kubwa. Uganda ilisimamisha treni za abiria mwaka 1997, na treni ya wafanyakazi kati ya Kampala na Namanve ikaanza Desemba 2015. Nchini Tanzania treni ya abiria ya Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Kenya ilizindua treni mpya ya Mombasa–Nairobi mwaka 2017, na mwishoni mwa 2021 ikaifufua ile ya zamani ya Kisumu.

Kwa mfanyabiashara na msafirishaji, suala hili si la wasafiri peke yao. Kenya ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Tanzania ikafuata mwaka 2015 kwa kiwango hicho hicho. Viwango vya Kenya vimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Maana yake ni kwamba mwenye kontena bandarini anachangia reli hata kama yeye mwenyewe husafiri kwa basi na mzigo wake huenda kwa lori. Kwa hiyo ana haki ya kujua fedha hizo zinazaa nini.

Nauli haijengi reli

Jambo la kwanza kueleweka ni kwamba nauli ya abiria, hapa kwetu na katika nchi nyingi duniani, hailipi gharama ya kujenga reli. Mara nyingi hata gharama ya kuendesha treni hailipi yote.

Mfano ni reli ya SGR ya Mombasa–Nairobi. Ina urefu wa kilomita 472 na iligharimu takriban shilingi za Kenya bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Treni ya Madaraka Express ilianza na nauli ya shilingi 700 daraja la kawaida. Kuanzia Januari 2024 ikafika shilingi 1,500, na daraja la kwanza shilingi 4,500. Tuchukue kwamba abiria milioni 2 kwa mwaka wanalipa wastani wa shilingi 2,000 kila mmoja. Mapato ni shilingi bilioni 4. Kwa mapato hayo, kurudisha bilioni 327 kunahitaji zaidi ya miaka 80, kabla ya kutoa mafuta, mishahara, vipuri na riba ya mkopo.

Hali hii haiko Afrika Mashariki tu. Nchini Marekani kampuni binafsi za reli zilikuwa zikipata hasara kwa abiria, na mwaka 1971 serikali ikaunda Amtrak ili ibebe huduma hiyo. Kampuni zile zikabaki na mizigo, ambayo ndiyo yenye faida.

Kwa hiyo anayepima reli ya abiria kwa nauli peke yake atasema ni hasara siku zote. Lakini barabara nayo haipimwi hivyo. Hakuna anayeuliza barabara ya Chalinze–Segera imeingiza faida kiasi gani kwa mwaka. Swali sahihi ni je, nchi inapata nini, na nani anabeba gharama hiyo.

Mizigo ndiyo inayobeba reli

Treni moja ya mizigo ya SGR ya Kenya inaweza kubeba makontena 108 ya futi 20. Hiyo ni sawa na malori zaidi ya 50 yenye kubeba makontena mawili kila moja. Hapo ndipo penye fedha ya kutunza njia. Abiria wananufaika na njia ambayo mizigo imeilipia, na mizigo ikikosekana hata treni ya abiria haidumu.

Hata hivyo, abiria na mizigo hugombania njia. Reli nyingi za ukanda huu zina njia moja. Treni mbili zinazokutana hupishana stesheni, moja ikisubiri nyingine ipite, na kwa kawaida inayosubiri ni ya mizigo. Tofauti ya mwendo nayo inaongeza tatizo. Kenya imepanga treni za abiria kwenda hadi kilomita 120 kwa saa na za mizigo 80. SGR ya Tanzania, inayotumia umeme, imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa abiria na 120 kwa mizigo. Kadiri treni za abiria zinavyoongezeka mchana, ndivyo mizigo inavyosukumwa usiku. Mwenye shehena ya kuwahi meli anapaswa kuiuliza ratiba hii kabla ya kusaini mkataba.

Tanzania ilianza na abiria kwenye SGR. Treni ya Dar es Salaam–Morogoro ilianza Juni 2024 na ya Dodoma Julai 2024, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Usafirishaji wa mizigo ukafuata katikati ya 2025, pamoja na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani. Kwa karibu mwaka mzima, reli iliyojengwa kwa mabilioni ilikuwa ikiingiza fedha za tiketi tu. Abiria walifurahia kufika Dodoma kwa takriban saa nne badala ya kutwa nzima kwenye basi. Lakini kwa hesabu ya deni, mwaka huo ulipita bila mlipaji mkubwa.

Somo la ukodishwaji

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli liligawanyika na kila nchi ikabaki na vipande vyake. Uwekezaji ukapungua, njia zikachakaa, mizigo ikahamia barabarani.

Katika miaka ya 2000 serikali ziliamua kukodisha. Rift Valley Railways ilichukua reli ya Kenya na Uganda Novemba 2006 kwa mkataba wa miaka 25. Nchini Tanzania, kampuni ya RITES ya India ilichukua asilimia 51 ya TRL Oktoba 2007, serikali ikibaki na asilimia 49, nako kwa miaka 25. Hakuna mkataba uliofika hata nusu ya muda wake. Tanzania ilirudisha hisa serikalini mwaka 2011 baada ya migogoro ya mtaji na migomo ya wafanyakazi. Kenya ilivunja mkataba wake mwaka 2017, na Uganda nayo ikajitoa.

Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo inahusu mada hii moja kwa moja. Mwekezaji anayetafuta faida hukimbilia mizigo. Serikali nayo hutaka treni ya daraja la tatu iendelee kwa nauli nafuu, kwa sababu wananchi wanaitegemea. Pengo kati ya nauli na gharama lisipolipwa waziwazi na kwa wakati, upande mmoja utaumia. Ama treni ya abiria hupunguzwa safari, ama fedha za kutengeneza injini za mizigo huliwa na abiria.

Nani hasa anapanda?

Treni ya zamani ya reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, imekuwa soko linalotembea. Wachuuzi hupanda daraja la tatu na vipeto vyao, dagaa na mawese yakija kutoka Kigoma, nguo na vyombo vikienda kutoka Dar es Salaam. Kigoma ni lango la Burundi na mashariki ya Kongo kupitia Ziwa Tanganyika. Kusini, treni za abiria za TAZARA zimekuwa zikivuka mpaka kati ya Tunduma na Nakonde na kuwafikisha wafanyabiashara wadogo hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, safari ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam.

Treni mpya ni za namna nyingine. Ni safi, zina haraka na zinafuata saa, lakini zina kikomo cha mizigo ya abiria. Anayefaidika zaidi ni mtumishi wa ofisi, mwanafunzi, mtalii na mfanyabiashara anayekwenda kuonana na mteja na kurudi siku hiyo hiyo. Mchuuzi mwenye magunia matatu anarudi kwenye basi au fuso. Hilo si kosa la treni, lakini linapaswa kuingia kwenye hesabu. Faida ya reli ya abiria hubadilika kulingana na nani ameruhusiwa kupanda na mzigo gani.

Upande wa barabarani nao una hasara zake. Kuanzia 2018 mizigo mingi ya Nairobi na nchi za bara ilielekezwa kwenye SGR kwa amri, si kwa hiari. Wasafirishaji na wafanyakazi wa Mombasa waliandamana mwaka 2019, na wenye hoteli na gereji katika miji ya njiani wakalalamika kupoteza wateja. Septemba 2022 Rais William Ruto alitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Somo lake ni kwamba reli inayolazimisha wateja bado haijaonyesha kuwa ni nafuu.

Kukarabati au kujenga upya?

Tofauti ya gharama ni kubwa. Mradi wa kukarabati reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, takriban kilomita 970, ulipata dola milioni 300 za Benki ya Dunia mwaka 2014. Kipande cha SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 205 za njia kuu, kilipewa mkataba wa takriban dola bilioni 1.2.

Vitu hivyo viwili havilingani. Njia ya zamani ina upana wa mita moja, inapinda kufuata milima na mwendo wake ni mdogo. Kipande cha Kilosa–Gulwe kimekuwa kikikatwa na mafuriko. Mvua za mwishoni mwa 2009 zilisimamisha safari kwa miezi. SGR ina uwezo ambao ukarabati hauwezi kuuleta. Lakini kwa njia ambazo mizigo yake ni michache, ukarabati huwapa abiria na wachuuzi huduma kwa sehemu ndogo ya fedha. Treni za Moshi na Arusha zilirudi kwa njia hii, juu ya reli ile ile ya zamani.

TAZARA nayo imechagua ukarabati. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano mjini Beijing, na mpango wake ni wa takriban dola bilioni 1.4. Kinachovutia mwekezaji hapo ni shaba ya Zambia na Kongo. Abiria watanufaika iwapo mkataba unataja safari zao kwa idadi na siku. Wasipotajwa watakuwa wa mwisho kufikiriwa.

Lini inafaa

Kutokana na mifano hii, fedha za umma kwa reli ya abiria zinafaa pale yanapokutana mambo manne:

1. Njia ina mizigo ya kutosha kulipia matunzo yake. Abiria waongezwe juu ya mizigo, wasitegemewe kuibeba njia.

2. Pengo la nauli linalipwa na serikali kwa bajeti inayoonekana, kwa kila safari iliyofanyika, badala ya kufichwa kwenye hesabu za mizigo.

3. Njia inapita penye watu wengi na barabara yake imeelemewa, kama Dar es Salaam–Dodoma au treni za mjini. Treni ya mjini iliyoanzishwa Dar es Salaam Oktoba 2012 ilitumia njia iliyokuwepo tayari, na ilijaa.

4. Reli inaunganika na bandari, ziwa au mpaka. Reli ya Kenya iliyoishia Naivasha mwaka 2019 ilionyesha ugumu wa njia isiyofika mwisho wake, kwani mzigo wa Uganda bado ulilazimika kubadilishwa chombo njiani.

Pasipo na mambo hayo, basi na lori vitafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kwa umma, na fedha za tozo zingefanya kazi zaidi kwenye barabara na mipakani.

Ya kufuatilia kwa wafanyabiashara

Mwenye mzigo aangalie mambo matatu kila bajeti inaposomwa: kiwango cha tozo ya reli, kiasi kilichotengwa kwa matunzo ya njia ya zamani, na idadi ya treni za mizigo zilizopangwa kwa siku ikilinganishwa na za abiria. Msafirishaji wa barabara naye aangalie ramani ya bandari kavu. Reli ikifika Kwala, Dodoma au Isaka, kazi ya lori haiishi bali inahama kutoka safari ndefu kwenda safari fupi za kupeleka mzigo dukani na ghalani. Waliohamisha magari yao mapema huwa na nafasi nzuri kuliko waliosubiri treni ya kwanza ya mizigo ipite.