"Mgeni" na "alien": istilahi ya zamani katika ardhi ya Nakivale

Sheria ya Uganda ya 1960 ya kudhibiti wakimbizi iliwaita "alien", neno litokanalo na Kilatini *alienus*, yaani "wa mwingine". Katika kesi ya Calvin (Uingereza, 1608) "alien" ni aliyezaliwa nje ya utii kwa mfalme, asiyeweza kurithi ardhi. Marekani, mwaka 1798, ilimruhusu Rais kumfukuza mtu wa aina hiyo. Kamusi zetu zina "ajinabi", lakini mkalimani wa Mbarara au Nakivale husema "mgeni", na mgeni kwetu hukaribishwa. Kilio cha 1608 hakisikiki humo. Hata hivyo, ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, na mkulima wa Nakivale, aitwe mgeni au mkimbizi, hairithishi shamba analolima.