Ala za jadi za Rwanda katika masomo ya watoto

Ala za jadi za Rwanda ni vyombo vya muziki vya asili ambavyo wanafunzi wa nchi hiyo hufundishwa kuvitambua kwa jina, kwa umbo na kwa sauti, na kuvipiga pale vinapopatikana. Vinavyotajwa zaidi vitabuni ni inanga, ingoma, umuduri, ikembe, iningidi, umwirongi, amakondera na amayugi. Makala hii inavieleza kwa ujumla, ikiutazama hasa uwanda wa Bugarama, ambako mtoto huzisikia sauti za nchi tatu hata kabla hajaanza shule.

Mahali

Bugarama iko kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, zamani Cyangugu, karibu na pale Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinapokutana. Ni uwanda wa joto katika nchi ya milima ya baridi: sehemu yake ya chini kabisa, kando ya mto Rusizi, ina mwinuko wa mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari, na hakuna mahali pa chini zaidi Rwanda nzima. Unajulikana kwa mpunga, kwa chemchemi za maji moto ziitwazo Amashyuza na kwa kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilichoko jirani, Muganza. Ng'ambo moja kuna Kamanyola, njia ya kwenda Uvira na Bukavu. Ng'ambo nyingine kuna Ruhwa, njia ya kwenda Cibitoke. Kiswahili husikika sokoni, kwenye vituo vya magari na miongoni mwa Waislamu, ambao hapa ni wengi kuliko sehemu nyingi za nchi.

Inanga

Hiki ndicho chombo kilichoandikiwa na kurekodiwa kuliko vyote vya nyuzi nchini Rwanda. Ni zeze la ubao. Fundi huchukua kipande kimoja cha mti, chenye urefu wa karibu mita moja, akakichimba kikawa kama sinia refu lenye kingo za chini, kisha akakata pengo pengo kwenye ncha zake mbili. Uzi mmoja mrefu hupitishwa kutoka pengo hadi pengo, ukienda na kurudi, mpaka zipatikane nyuzi sita, nane au zaidi. Zamani uzi huo ulikuwa wa kano au utumbo wa ng'ombe. Siku hizi nailoni na waya vimechukua nafasi. Matundu yaliyochongwa kwenye ubao hutoa sauti na pia huupamba. Mpigaji huketi, akaulaza ubao mapajani au kuusimamisha kwa ubavu, akazidona nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili huku akiimba kwa sauti ya chini.

Ngazi yake ni ya sauti tano. Kwa sikio lililozoea kinanda cha kanisani, inanga inaweza kudhaniwa haijalinganishwa vizuri. Hilo ni kosa la sikio: kila mpigaji hulinganisha nyuzi kwa kufuata sauti yake mwenyewe ya kuimbia.

Nyimbo za inanga husimulia vita, mashujaa, ng'ombe na ukoo wa wafalme, na ndiyo maana wanahistoria wameipenda. Wapigaji wa kifalme waliishi karibu na mwami (mfalme), hasa katika ikulu ya Nyanza. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alirekodi muziki wa ikulu katika enzi ya Mutara III Rudahigwa, na rekodi hizo bado zinauzwa na kusikilizwa. Baba yake Rudahigwa, Yuhi V Musinga, hakuwapo: Wabelgiji walikuwa wamemwondoa mwaka 1931 na kumhamishia Kamembe, juu kidogo ya Bugarama, kisha mwaka 1940 wakampeleka Moba, Kongo, ambako alifariki mwaka 1944.

Majina makubwa ya inanga ni Rujindiri, Sebatunzi, Kirusu na Athanase Sentore. Sentore, aliyefariki mwaka 2012, aliishi uhamishoni Burundi kwa miaka mingi na huko akawalea vijana wa Kinyarwanda katika ngoma na nyimbo za kwao; watoto na wajukuu zake nao ni waimbaji. Kirusu alimfundisha binti yake, Sophie Nzayisenga, tangu utotoni, ingawa chombo hiki kilihesabiwa kuwa cha wanaume. Nzayisenga amekipiga katika majukwaa ya nchi nyingi, na pengine ndiye mwalimu anayefaa kuliko wote kuonyeshwa darasani, maana wasichana wakimwona hawahitaji maelezo marefu.

Ingoma

Ngoma za Rwanda hupigwa kwa kundi, mara nyingi saba au tisa. Ngoma ndogo yenye sauti kali, ishakwe, hushika mwendo, inyahura hujibu, igihumurizo, ngoma nene, hutoa mvumo wa chini. Gogo huchimbwa kutoka mti wa umuvugangoma, ambao Watanzania wanaufahamu kwa jina la mringaringa, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe juu na chini na kukazwa kwa kamba za ngozi. Wapigaji husimama na kutumia mikwiro miwili.

Ngoma haikuwa chombo cha burudani tu. Ufalme wenyewe ulitambulika kwa ngoma ya enzi, Kalinga, na kuitwaa ngoma kulimaanisha kuutwaa utawala. Ufalme ulifutwa mwaka 1961, na Kalinga haijaonekana tena hadharani. Kanisa Katoliki, ambalo mwanzoni liliziona ngoma kama mabaki ya upagani, lilizikaribisha katika misa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Leo watoto wengi wa Kikatoliki huiona ngoma kwa mara ya kwanza kanisani.

Wanawake walikatazwa kupiga ngoma, hata kuigusa. Mwaka 2004, mjini Huye (wakati huo Butare), mwandishi na mwongozaji wa michezo ya jukwaani Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kundi la wapigaji wanawake watupu. Ndani yake walikuwamo wajane na yatima wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 pamoja na wanawake kutoka familia za waliofanya mauaji hayo. Filamu ya Sweet Dreams ya mwaka 2012 ilisimulia habari zao, na habari za duka la aiskrimu walilolifungua. Mafanikio yao yamefanya katazo la zamani lionekane la kale kuliko lilivyo.

Kuvuka mpaka wa Ruhwa, ngoma hubadilika. Warundi huzipiga kwa kuruka na kucheza, kila mmoja akiwa mbele ya gogo kubwa zito, na UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2014.

Umuduri, iningidi na ikembe

Umuduri ni upinde wenye uzi mmoja na kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti, mkono huohuo ukiwa umeshika kayamba ndogo iitwayo inzebe, na kibuyu hukisogeza kifuani au kukiondoa ili kubadili mvumo. Watwa, ambao serikali ya Rwanda huwaita watu walioachwa nyuma kihistoria, wamesifika kwa chombo hiki.

Iningidi ni zeze la uzi mmoja lisuguliwalo kwa upinde, ndugu wa endingidi ya Uganda.

Ikembe ilitoka Kongo: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, na tundu ambalo mpigaji huliziba na kulifungua ili sauti ilie kwa mawimbi. Kwa Bugarama hiki ndicho chombo cha jirani kabisa, lakini waandishi hawakukijali sana kwa kuwa hakikuwa cha ikulu.

Ala za kupuliza na njuga

Umwirongi ni filimbi ya wachungaji. Amakondera ni mabaragumu yanayopulizwa kwa zamu, kila moja likitoa sauti yake. Amayugi ni njuga za miguuni za wachezaji wa intore, densi ya jadi ya mashujaa.

Gitaa

Si chombo cha jadi, lakini mtoto wa Bugarama huenda akalijua kabla ya inanga. Gitaa la nyuzi sita lilipata umbo lake la leo nchini Hispania katika karne ya 19, mikononi mwa mafundi kama Antonio de Torres wa Almería. Lilienea Kongo ya Wabelgiji, na katika miji ya migodi ya Katanga likapata mtindo wake. Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville (leo Likasi) mwaka uleule wa 1952. Baadaye rumba ya Kinshasa iliufikisha mlio wake katika kila redio ya Kivu na ya Cyangugu. Mwalimu mwerevu huanza na gitaa, kisha huonyesha kwamba inanga nayo ina nyuzi, ubao na tundu, ila haina shingo.

Shuleni

Mtaala unaojikita katika umahiri, uliotangazwa mwaka 2015 na kuanza kutumika mwaka 2016, unaweka muziki ndani ya sanaa za ubunifu katika shule za msingi, na pamoja na ngoma na maigizo katika sekondari. Wanafunzi hutakiwa kuvigawa vyombo: vya nyuzi, vya kupuliza, vya ngozi na vya kugonga au kutikisa. Mgawanyo huu unafanana na ule wa wataalamu wa ala za muziki Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914. Unafaa kwa mtihani, lakini haumwambii mtoto nani alipiga nini na kwa nini.

Ugumu mkubwa ni vyombo vyenyewe. Inanga nzuri huhitaji fundi, ngoma huhitaji gogo na ngozi. Lakini ikembe hutengenezwa kwa ubao na spoku za baiskeli zilizofuliwa bapa, na umuduri kwa fito, waya na kibuyu. Vyombo hivi viwili, vilivyopewa mistari michache katika vitabu, ndivyo vinavyoweza kutengenezwa na darasa zima.

Kabla ya mtaala huu, kazi ya kuwafundisha vijana ilibebwa na vikundi. Urukerereza, kundi la taifa, liliundwa mwaka 1974. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeongoza taasisi ya utafiti huko Butare, alianzisha Amasimbi n'Amakombe. Aliuawa pamoja na mkewe tarehe 7 Aprili 1994. Shule ya muziki ya Nyundo, iliyofunguliwa mwaka 2014, hufundisha zaidi muziki wa kisasa, ingawa ala za jadi zimo.

Uhifadhi

Mkusanyiko mkubwa zaidi nchini uko katika makumbusho ya Huye, zawadi ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji iliyofunguliwa mwaka 1989. Mwingine uko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikofanyia kazi Jos Gansemans, mwandishi wa kitabu kikubwa kuhusu ala za Rwanda kilichotoka mwaka 1988. Intore iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2024. Kutoka Bugarama kwenda Huye, wanafunzi hupanda hadi Kamembe na kuvuka msitu wa Nyungwe, safari ambayo shule nyingi za uwandani haziwezi kuilipia.