Vitufe, Menyu na Lugha: Violesura vya Simu za Mwanzo kwa Mtumiaji wa Kiuyu, Pemba

Historia ya simu janja huanzishwa kwa kawaida Marekani mwaka 2007, ilipotoka iPhone, ikifuatiwa mwaka 2008 na simu ya kwanza ya Android. Mfuatano huo hauielezi vyema Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, ambako suala la kwanza lilikuwa umeme. Hadi kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga ilipokamilika mwaka 2010, umeme wa kisiwa ulitegemea jenereta za dizeli. Simu ya kioo cha kugusa, inayodai chaji kila siku, haikuwa mshindani wa simu ya vitufe inayokaa siku kadhaa.

Vitufe hivyo, hata hivyo, havikubuniwa kwa ajili ya Kiswahili. Neno "nitakupigia" lina herufi 11, lakini kwenye vitufe 12 vya simu lilihitaji mibonyezo 20. Programu ya kubashiri maneno ilitegemea kamusi ya maneno kamili, ilhali kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na mtendwa kwa pamoja. Orodha ya namna hiyo haimaliziki.

Kwa sababu hiyo, kiolesura chenye uzito zaidi katika kipindi hiki hakikuwa cha picha. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mtumiaji alipiga nyota, tarakimu na reli, kisha akaletewa menyu ya maandishi kutoka kwenye mtandao wa kampuni. Simu yoyote, hata ya bei ndogo, iliweza kuifungua. Udhaifu wake ulikuwa muda: menyu hujifunga mtumiaji akichelewa kujibu. Msomaji wa polepole alilazimika kuanza upya au kumkabidhi mwingine simu pamoja na namba ya siri. Hasara hii haionekani katika hesabu za wateja waliosajiliwa.

Tafsiri pekee isingeiondoa. Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kuwa istilahi za Kiswahili zinawezekana. Ila Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, na Mpemba hukipokea kama lugha ya shule. Tena picha zilizoandamana na maneno zilitoka ofisini: bahasha, folda, na disketi kwa maana ya kuhifadhi. Mvuvi au mkulima wa mwani ambaye hakuwahi kushika disketi alipaswa kuikariri alama hiyo kama herufi nyingine ya alfabeti.