Neno "Pesa" na Asili Zake

Sura ya neno haitoshi kuthibitisha asili yake. Tulitazame neno "pesa". Katika Kiswahili limetokana na "paisa" la Kihindi, lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1890 Wajerumani walifua sarafu za shaba za pesa. 64 zilifanya rupia moja, hadi rupia ilipogawanywa upya mwaka 1904 katika heller 100. Lakini katika Kilingala "pesa" ni amri yenye maana ya "toa" au "mpe". Na katika Kireno maana yake ni "ana uzito". Tahajia ni moja, koo ni tatu. Hivyo tuundao istilahi na kamusi tuchunguze kwanza historia ya neno, tusije tukampa mtoto baba asiye wake.